Ng'ombe wa Kamsamba Hupumzika Saa Saba

Dada Tusekile,

Nimefuta maneno yako kwenye mwongozo wa programu yetu ya kupimia mizigo ghalani, na nimeona heri uambiwe na mimi mwenyewe.

Ni yale ya kompyuta ya ghala la mpunga, Kamsamba. Uliandika: "Saa saba mpaka saa tisa mchana izime ipoe, la sivyo itakuwa nzito. Hata ng'ombe wa Kamsamba hupumzika saa hiyo." Chini ukaweka tarehe na aina ya kompyuta, kama ulivyonifundisha siku ya kwanza nilipokuja ofisini Tunduma nikijiona najua. "Ushauri wa kasi ya kompyuta usio na tarehe ni uvumi tu," ulisema, ukanirudishia ukurasa wangu mara tatu.

Tangu tukuzike Isongole, mwongozo nautunza mimi. Kila msimu wa mavuno ukikaribia napima programu upya, narekebisha. Nikifika kwa ng'ombe wako nacheka, kisha naruka. Kompyuta ile kuukuu ilishaondolewa, na iliyopo haijali joto. Nilijua, Dada. Lakini siku ya kuanua matanga mama yako aligawa nguo zako zote, mimi nikapata lile sweta la bluu, na nikaona sauti yako imebaki pale mwongozoni tu. Nikajiambia, sentensi mbili zitamdhuru nani?

Mwezi uliopita nikatumwa Kamsamba. Nilifika saa saba na nusu, nikakuta watu wamesimama juani na magunia yao, dirisha la ghala limefungwa. Bibi mmoja alikuwa amekalia gunia lake, khanga kichwani, hana hata maji. Nikamuuliza karani, Baba Neema, kulikoni. Akanionyesha karatasi ukutani. Mwongozo wetu, toleo la mwaka huu, jina langu juu.

"Dada Tusekile mwenyewe kaandika ipumzike," akasema, akigusa mstari wa ng'ombe wako. "Mimi nani nibishe?"

Hakuwa na habari kwamba umefariki. Nikawasha kompyuta, tukapima mizigo mpaka saa tisa na haikukwama hata mara moja. Tulianza na yule bibi. Akanishukuru, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Wewe ungeyafuta maneno yale zamani. Nakumbuka ulivyofuta kurasa ulizozihangaikia wiki nzima, kisa kompyuta mpya zimekuja na vipimo vimeonyesha ulichoandika si kweli tena. Mimi ndiye niliyenuna. Wewe ukaenda kununua mahindi ya kuchoma, ukarudi ukaanza upya huku unatafuna.

Sasa pameandikwa: "Kompyuta hii haina haja ya kuzimwa mchana," na tarehe, na aina yake. Sentensi kavu, haina ng'ombe. Toleo la zamani limehifadhiwa. Nitalifungua nikikukumbuka, ila kwa watu haliendi tena. Nakuahidi kila msimu nitapima kila mstari, na ule ninaoupenda nitaupima kwanza. Siku yangu nayo ikifika, atakayeshika mwongozo asinionee haya. Afute.

Baba Neema nilimwambia kwamba umefariki, kabla sijaondoka. Alinyanyuka kitini. Kisha akabandua ile karatasi ukutani, taratibu isichanike, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati.

Lala salama, dada yangu.

Mdogo wako,
Lwitiko