Sare na Wifi

Alhamisi, 9 Machi

Kesho raundi ya mwisho, mashindano ya sataranji ya wanawake wa Gyumri. Nafasi ya kwenda kucheza Yerevan, mji mkuu, ni moja. Tunaoongoza ni wawili, pointi sawa – mimi na wifi yangu Nvard. Nyumba moja, jiko moja! Yeye ana nyeupe. Nitajibu kwa ufunguzi wangu, ule wa Kifaransa. Nimeunoa majira yote ya baridi. Mume wangu Vahan kanywa kahawa, kanyamaza. Si kawaida yake.

Ijumaa, 10 Machi

Sare. Nataka kupasuka! Hatua ya tatu tu, Nvard kala askari wangu wa katikati. Nami nikala wake. Basi, ubao ukawa sawa pande zote, umepoa kama supu ya jana. Kazi yangu yote bure. Nikitafuta vurugu, yeye anabadilishana – farasi kwa farasi, ngome kwa ngome. Mwisho malkia wake akawa anamkimbiza mfalme wangu, huku, kule, huku, kule, hadi hali ileile ikajirudia mara tatu, na kwa sheria hiyo ni sare. Mwamuzi kasema turudiane Jumapili. Nvard, anayewachinja wenzake wote! Hakunitazama usoni.

Jumamosi, 11 Machi

Nimejua. Tulikuwa tunafunga nyama ya tolma, mama mkwe akaropoka: Vahan ndiye aliyemwomba dada yake atafute sare, nyumba ipate amani. Alidhani tutagawana nafasi. Tutagawanaje kiti kimoja? Nikaacha majani ya mzabibu mezani, nikamfuata Vahan gereji. Eti nikishindwa huwa nanuna wiki nzima. Kweli nanuna. Lakini kushindwa ni kwangu, nani kamtuma anipunguzie?

Nvard kajifungia chumbani. Nimegonga, hafungui.

Jumapili, 12 Machi

Asubuhi Nvard kaja mezani, nywele kazibana. Mama mkwe akaanza habari za undugu. Nvard akamkatiza, akamgeukia Vahan.

"Kaka, usinipangie tena. Leo nataka kumpiga mkeo."

Kisha kwangu, taratibu: "Wifi, ile sare ya juzi imeniuma kuliko ilivyokuuma wewe."

Nikampitishia jibini.

Leo nyeupe ni yangu na sijui atajibu nini. Vahan anapiga honi chini, anataka kutupeleka sote wawili. Nvard kasema tutembee. Kasimama mlangoni, kashika koti langu, ananisubiri. Naenda.