Chupa ya Dawa ya Koo ya Ilham

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Hamid Machano Wakil. Umri: miaka 52. Kazi: fundi saa. Makazi: Kiponda, Mjini Unguja.

Mimi ni fundi saa nisiyefika popote kwa wakati, hivyo nyakati ninazozitaja amezithibitisha mke wangu, Bi Kazija.

Mnamo tarehe 6 Mei 2024, saa 4 asubuhi, nilikwenda na cheti cha daktari kumnunulia binti yetu Ilham, miaka minane, dawa ya maji ya koo. Nilinunua kwa Mahfoudh, mwenye duka la dawa mtaani kwetu. Tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa bakora moja. Ilham aliimaliza chupa.

Tarehe 20 Mei mtoto alianza kurudia udhu. Mara tatu, mara kumi, hadi vidole vikachubuka. Mwalimu wake wa chuoni akamsifu. Nami, kwa ujinga wangu, nikajitapa barazani kuwa hatimaye nyumba yangu imepata mcha Mungu. Mahfoudh alicheka na sisi, akasema nimwambie atuombee sote.

Tarehe 27, saa 1 asubuhi, akawa anapepesa macho bila kukoma, shingo inamruka, anamlilia mama yake na mama yake kamshika mkono. Tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema vijidudu vya koo havikufa. Kinga ya mwili iliyoamka kupigana navyo imegeukia ubongo, nao umevimba; hata kule kurudia udhu kulikuwa ugonjwa. Akataka kuiona chupa.

Niliifuata nyumbani, nikaitazama kwa lenzi yangu ya kazi. Chini ya kibandiko cha tarehe ya mwisho wa matumizi palikuwa na tarehe nyingine, iliyopita miaka miwili nyuma.

Ilham bado yuko wodini. Daktari anatumai atapona; lini, hakusema.

Tarehe 30, baada ya sala ya alasiri, Mahfoudh alikuja kwangu. Alikiri kuwa vibandiko alivibandika yeye.

"Hamid, bwana, haya tuyamalize hapahapa. Sisi ndugu."

Nilimwambia nina swali moja tu. Wiki ileile niliyonunua dawa, mwanawe, Yussuf, naye aliumwa koo, na siku ya tatu alikuwa anacheza mpira.

"Yussuf ulimpa chupa ipi?"

Alivaa viatu vyake, akaondoka.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nitayasema hata mbele yake.

Saini: H. M. Wakil

Nimeyaandika mimi, Koplo Thuwaiba Bakar, tarehe 31 Mei 2024, saa 3:20 asubuhi. Nimemsomea shahidi, ameyakubali. Chupa moja imepokelewa kuwa kielelezo.