Bawa Nililogonga Mimi

Mwalimu,

Shikamoo. Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike Ujiji, na ndiyo kwanza nashika kalamu. Sikulia siku ile na mpaka leo sijalia. Nakula, nalala, naamka. Watu wakiniuliza hali nasema nzuri, na sidhani kama nadanganya, maana hakuna kinachouma. Mke wangu ananitazama sana.

Huku wakimbizi bado wanashuka kwenye maboti na magodoro yao. Ndege yako imeshatengenezwa. Amekuja rubani mwingine, mtu mpole, ndiye anayepeleka dawa Kibondo sasa. Nilimwona akikaa kwenye kiti chako, akakivuta mbele kwa sababu ni mfupi kuliko wewe. Nilisimama pale nikamwangalia. Basi.

Ila sikukuandikia kwa ajili ya habari hizo.

Unakumbuka uliponitoa kwenye lori la mahindi ya kambini ukasema utanifanya rubani? Wiki nzima hatukuruka. Tulitembea ardhini tu, tunaenda na kurudi, na mimi kila kona nakata usukani kama niko kwenye mteremko wa Kalinzi. Ndege inaenda moja kwa moja, haina habari na mimi. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Miguu, kijana! Ardhini ndege inaongozwa na miguu. Mikono ni ya upepo." Ukanifundisha kwamba upepo ukitoka nyuma, usukani nigeuzie kule unakokimbilia, niusukume mbele, nisiuachie hata kidogo, la sivyo utaingia chini ya bawa na kulinyanyua. Nilijua. Nataka ujue kwamba siku ile nilijua.

Upepo ulikuwa unatoka ziwani, nyuma yetu, upande wa kushoto. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye wenzo wa mafuta. Wewe ulikuwa unaandika kitu kwenye daftari la ndege, kwa sababu ulishaniamini. Ndipo nikamwona mama mkwe wangu kandokando ya kiwanja, anatoka shambani kuelekea Katubuka, jembe begani. Akanitambua. Akaweka jembe chini, akainama, akapiga makofi ya kuamkia.

Kwetu Waha, mkwe haamkiwi kwa kutikisa kichwa dirishani. Sikufikiri. Niliachia kila kitu, nikapiga makofi, nikamwamkia "Mwakeye, mama," kana kwamba angenisikia na injini ile.

Bawa la kushoto likanyanyuka. Pua ikageukia ziwani. Nikaudaka usukani nikaukata kulia kwa nguvu zangu zote, kama lori, na miguu nikaisahau kabisa. Ncha ya bawa ikagonga pipa lililosimama ukingoni mwa kiwanja.

Ulizima injini. Kisha ukauliza, "Yule mama ni nani?" Nikasema mkwe wangu. Ukashika tumbo kwa kucheka, Mwalimu, na bawa limekunjika vile! "Basi kuanzia leo mkweo ni upepo. Huyo ndiye wa kuheshimu." Halafu ukachukua daftari ukaandika kwamba aliyeshika usukani ni wewe. Nilipotaka kusema ukanikata. "Mwanafunzi akigonga, mwalimu ndiye kagonga. Wakijua ni wewe wanakurudisha kwenye mahindi. Nyamaza."

Nikanyamaza. Siku ya kumi na moja baada ya ajali malaria ikakupanda kichwani, na siku ya tatu hospitali ukatutoka.

Kwenye arobaini yako bwana mmoja wa ofisi alisimama kutoa pole. Alikusifu vizuri. Halafu akasema inaonekana mwili ulikuwa umeshachoka siku nyingi, ndiyo maana mtu makini kama wewe akagonga pipa kwenye kiwanja kitupu. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Niliendelea kula.

Jioni mkeo akaniita uani. Akaniambia siku ile ulirudi nyumbani ukala vizuri, na yeye hakuona kitu. "Kumbe alikuwa anaumwa tayari. Amegonga ndege kwa homa, nami nalala naye chumba kimoja sijui. Ningemwahisha hospitali mapema." Alisema hivyo mara tatu. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu, nikapanda baiskeli nikaenda zangu nyumbani Gungu.

Hilo ndilo ninaloona aibu kukwambia. Makofi yale yalikuwa ya bahati mbaya. Uani nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema, nikapiga hesabu ya kiti changu kwenye ndege, nikaondoka.

Jana nimerudi kwa mkeo. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza yote, mkwe, makofi, pipa, daftari. Nilitegemea anifukuze. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo siku ile alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima, mama. Alikuwa anacheka."

Akafunika uso kwa khanga akalia, mchele ukamwagika, nami nikainama kuuokota punje moja moja, kwa kuwa sikujua mikono yangu niifanyie nini.

Asubuhi hii nimeenda ofisini. Hawakunigombeza. Wamesahihisha daftari, wamenifuta kwenye mafunzo, na Jumatatu naanza tena lori. Ulitaka kunikinga na hilo, nisamehe nimekuangusha. Nilidhani nikishasema nitalia. Bado. Labda itakuja barabarani.

Nakuaga, Mwalimu. Mungu akulaze unapostahili. Popote nitakapomsikia mtu akisema ulichoka, iwe kijiweni, iwe kambini, iwe msibani mbele za watu, nitaweka sahani chini, nitasimama, nitasema ni mimi niliyeachia usukani.

Mwanafunzi wako,
Yohana