Picha ya Jicho la Yaya Mado

Nchelenge, 12 Agosti 1998

Leo tena yaya yangu Mado, dada yangu mukubwa, ameshindwa kupitisha uzi mu sindano. Akaitupa chini. “Munganga alinidanganya!”

Hakumudanganya. Kule Lusaka, siku moja mbele ya operesheni, alituonyesha picha ya ndani ya jicho: kangozi kembamba kamejikunja pale pa kuonea. Akasema, “Nikikatoa, mistari unayoona imepinda itanyooka. Lakini hapa pamevimba tangu zamani. Vitu vidogo hautaviona vizuri tena.” Yaya alisikia ile ya kwanza tu.

Nilimukumbusha polepole. Akaniangalia sana.

“Mbele ya operesheni uso wako ulikuwa umepinda,” akasema. “Sasa naona umezeeka.”

Tulicheka wote wawili. Lakini yeye ni mushonaji wa nguo, na najua kesho atajaribu tena.