Mabua Yanabaki Shambani

Alhamisi, 11 Septemba

Moshi tangu asubuhi. Kila upande watu wanachoma mashamba, na nguo nilizoanika zinanuka kama samaki wa kubanika. Mimi sichomi. Nimeshinda shambani na panga, nikikata mabua ya mahindi ya msimu uliopita na kuyalaza chini mstari kwa mstari. Mgongo unauma vibaya.

Wanawake wa kijijini wanapita wakisema kwa Kibemba kwamba mimi ni mvivu. Wanadhani sisikii. Nimekaa upande huu wa mpaka na Kongo muda wa kutosha kuelewa matusi yote.

Sababu yangu iko nyuma ya nyumba. Pale ndipo ninapopura soya ya bustanini kila mwaka, na mabaki yanaozea palepale. Punje ya mahindi iliyoanguka pale iliota yenyewe, ikatoa shina nene na majani ya kijani kizito. Wakati huohuo shamba zima lilikuwa njano. Mahindi juu ya mahindi kila mwaka, na moto juu yake: udongo umechoka. Jivu linalisha mara moja, halafu mvua inalizoa na kulipeleka ziwani. Hakuna aliyenifundisha. Nina macho.

Mwaka huu mahindi upande wa juu, soya upande wa chini, mwaka ujao nageuza. Na mabua yanabaki.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani leo, baada ya baraka, présida wa bloki, kiongozi wa sehemu yetu ya kambi, alisimama. Alisema wakimbizi wapya wanasubiri ardhi. Shamba litakalokutwa chafu kabla ya mvua atapewa mwingine. Alisema "chafu" akiniangalia mimi. Watu wakageuka.

Nilibaki nimekaa wima. Niliimba wimbo wa mwisho kwa sauti kuliko wote.

Nyumbani sikula. Tuliacha shamba moja kule Kongo tukikimbia. La pili siliachi.

Jumatano, 17 Septemba

Nimempigia mume wangu. Yuko Mununga kwenye mitumbwi, anavua kabla ziwa halijafungwa kwa wavuvi. Simu inaita tu.

Ningetaka aongee na baba yake, maana mzee anazunguka shamba langu akitikisa kichwa. Mimi siwezi kuongea naye. Kwetu baba mkwe ni buko. Simtaji jina, simpi mkono, sili naye, siongei naye uso kwa uso. Tukikutana njiani napisha na kuangalia pembeni hadi apite. Yeye pia. Tunaishi kiwanja kimoja, na kila neno kati yetu linapitia kwa mtu ambaye hapokei simu.

Jumamosi, 20 Septemba

Limeungua.

Nilikwenda ziwani Nchelenge na mihogo mikavu, kubadilisha na chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha. Kurudi, naona moshi juu ya shamba langu. Niliacha beseni njiani nikakimbia.

Jivu tupu. Amekokota mabua yote kwenye mafungu, amechoma, kisha amefagia hadi pembeni. Baba mkwe. Alikuwa amesimama katikati na fimbo ya kuchochea moto, uso mweusi kwa masizi, anaona fahari. Aliponiona akageuza uso, kama inavyotakiwa. Nami nikageuza wangu.

Hakufanya kwa ubaya. Alisikia ya kanisani. Mzee wa magoti mabovu ameinama kutwa nzima ili mkwe wake asinyang'anywe shamba. Angekuwa adui ningejua la kufanya.

Nilirudi kuchukua beseni. Kunguru walikuwa wamekula nusu ya chisense.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Mungu atanisamehe, présida sijui.

Nina hasira. Nalia, halafu nakasirika kwa kuwa nalia.

Watu wa kwetu, neno likimzidi mtu, anamwambia mnyama huku buko anasikia. Mama yangu alikuwa akimwambia mbuzi. Mimi sina mbuzi. Mzee alikuwa amekaa upande wa pili wa jiko, amenipa mgongo. Nikamwita kuku.

"Weye kuku, sikia. Kuko mutu alichoma shamba yangu. Alifanya na roho muzuri, najua. Lakini ile mabua haikuwa buchafu. Ilikuwa chakula ya udongo. Nitaleta ingine. Na hii mara hakuna mutu ataigusa, hata akuwe nani."

Kuku akaenda zake. Baadaye mzee alikohoa, akaingia ndani, na bukari, ugali wetu, niliyompelekea hakuigusa.

Sijutii.

Jumanne, 23 Septemba

Présida amepita. Akasimama mbele ya jivu, akatabasamu. "Voilà, mama. Sasa weye ni mukulima."

Kwa hiyo shamba limepona. Nikikaa kimya, hakuna atakayenigusa hadi mavuno. Ni kunyamaza tu, kupanda kwenye jivu kama wote, na kuvuna njano kama wote.

Nimefikiri usiku kucha. Hapana.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimeanza. Nazunguka kwa wale ambao hawajachoma, naomba mabua yao. Wanacheka, wananipa. Jirani mmoja amesema nichukue yote, nimwokolee njiti ya kiberiti. Nimechukua yote.

Maganda ya karanga. Majani makavu ya pembeni ya kijito. Mengine kichwani, mengine kwenye baiskeli hadi nisionekane nyuma yake. Shingo imekufa ganzi.

Upele. Majani haya yanawasha kuliko dhambi.

Jumatatu, 29 Septemba

Mume wangu amepiga hatimaye. Ameshasikia habari zangu huko Mununga, maana zimefika pamoja na wachuuzi wa samaki. Ameniomba niache, tusije tukakosa pa kulima. Nikamwambia arudi mwenyewe aninyang'anye mabua mikononi. Alicheka. Halafu hakucheka tena. Nilikata simu kwanza mimi.

Mchwa wameingia upande wa juu. Wanakula mabua yangu. Sikupanga hilo. Basi nao wale, mradi wanachimba. Udongo waliopitia unavunjika kwa vidole.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nitaandika polepole ili nisisahau.

Présida alikuja asubuhi, pamoja na mwanaume mgeni. Mgeni alikuwa na jembe mkononi, macho yamechoka, viatu si saizi yake. Aliniumiza moyo. Mimi pia nilifika hapa na viatu vya mtu mwingine. Lakini shamba silitoi.

Présida alisema alinionya. Akasema nimechukua shamba lililosafishwa nikalichafua kwa makusudi. Nikamjibu ndiyo, kwa makusudi. Kwamba mvua ya kwanza ikipiga udongo mtupu unakuwa saruji, naye anajua, maana ndiye anayelalamika kila mwaka. Akaniuliza tangu lini mwanamke wa kukimbia vita amekuwa injinia. Watu walikuwa wamesimama njiani wanasikiliza.

Akamwonyesha mgeni mipaka. Kutoka kichuguu hadi kijito. Shamba langu.

Hapo mzee akaja. Alikuwa amebeba kile kiti chake kidogo cha mti. Nikapisha, nikaangalia pembeni. Alipita hadi katikati ya mabua, akaweka kiti, akakaa. Mimi alinipa mgongo, présida alimpa uso.

"Hii majani ni ya kwetu," akasema. "Ukitaka kuiondosha, anza na hapa penye nimeikala."

Alitoa tumbaku yake, akaanza kusokota.

Présida ni kijana. Mzee huyu angeweza kuwa babu yake, na hakuna mtu wa kwetu atakayemnyanyua mzee kwenye kiti mbele ya watu. Présida akajikuna shingo, akasema tutaonana kwenye mavuno: yangu yakiwa mabaya kuliko ya wengine, shamba linakwenda. Nikasema sawa. Nilisema haraka mno, lakini nimesema.

Mzee alikaa pale hadi jua likawa kali. Sijui kama ananiamini. Labda ni ukaidi tu, ukoo huu wanao wa kutosha. Jioni bukari aliimaliza.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua, hatimaye. Nimepanda. Nasogeza mabua, natoboa shimo, naweka mbegu, narudisha mabua. Kazi ya kuua mtu. Mashamba ya wengine maji yanakimbia juu yake mekundu hadi barabarani. Kwangu yanazama.

Mzee alisimama mbali akiangalia maji yanavyozama. Muda mrefu.

Alhamisi, 18 Desemba

Jua. Mvua imekata tangu wiki iliyopita na haina dalili.

Mahindi yangu ya upande wa juu, pale nilipoweka mabua mengi mno, yamekuwa njano. Nilizidisha. Jirani wa kiberiti ameona, bila shaka bloki nzima imeshajua. Naogopa. Nimeandika, basi: naogopa. Lakini siyatoi.

Jumapili, 28 Desemba

Bado hakuna mvua. Kwa majirani udongo umepasuka, mahindi yamejikunja majani. Yangu ya juu yamesimama, si mazuri, yamesimama tu. Soya ya chini ni nzuri. Nimeng'oa mche mmoja kuangalia. Mizizi imejaa vile vinundu ambavyo mwaka jana mzee alidhani ni ugonjwa. Nilipasua kimoja kwa kucha. Ndani chekundu, kama nyama. Ndiyo uzima wake. Kwa hiyo wakati wa kuvuna nitakata mashina, sitang'oa, na mizizi itabaki humo humo kulisha udongo.

Présida alipita jana. Aliingiza kidole chini ya mabua, akakitoa kimelowa, akakipangusa kwenye suruali na kwenda.

Leo mchana nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua sombe, majani ya muhogo. Mzee alikuja na mzigo wa majani ya kijito begani, akasimama upande wa pili wa jiko, akanipa mgongo. Kuku alikuwa anaparua hapo katikati.

"Kuku," mzee akasema, "uliza mwenye shamba. Hii nitandike upande gani?"

Nilichambua jani moja, na lingine. Kisha nikamwambia kuku: upande wa chini, kwenye soya, na asibebe mizigo mizito, magoti yake mabovu.

Akaenda. Nilimsikia akitandaza, polepole, hadi mstari wa mwisho.