Bakuli la buluu la mama mkwe

Chihaya shoga, leo nimeaibika mpaka basi!

Si nimewapelekea wakwe zangu yale mabakuli ya wali ya mume na mke niliyonunua Arita, kule kwenye mji wa vyombo vya kauri? La buluu kubwa la baba, jekundu dogo la mama.

Mama mkwe kalivuta la buluu, akapakua wali mpaka ukawa kichuguu. La BULUU!

Nikamwambia, "Mama, hilo la baba."

"Nani kasema? Mpishi mimi, mla mabaki mimi. Leo nakula kwa nafasi."

Baba mkwe akajivutia kale kekundu. Wali ukamwishia hata hajashiba.

"Ukitaka kuongeza," mama akamwambia, "jikoni si unakujua?"

Shoga, baba mkwe, nyumba kaijenga mwenyewe, ananinong'oneza: "Mwanangu, mwiko unakaa wapi?"