Mpini Mfupi wa Manzese

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, anagombana na kuku wa jirani hapa Tabata.

Eti mwalimu wako anasema zile protini unazochunguza, zinazoshtuliwa na mwanga, zikibanana ndani ya fuwele, hujigeuza polepole, basi hiyo si kazi halisi ya protini hizo? Mwambie aje kwangu! Ujanani tulichonga mpingo Manzese, watu tisa kibanda kimoja. Ukiinua tezo, kishoka chetu cha kuchongea, unampasua mwenzako kichwa. Fundi mkubwa akatucheka: "Hapa hapachongeki, nendeni mkalime." Sie tukakata mipini, tukachonga kwa mapigo mafupi. Tulichelewa, lakini vinyago vilitoka.

Usimwombe radhi mtu. Upime huo uchelewaji wenyewe, uuandike ulivyo.

Siku hizi nachonga peke yangu, nina nafasi tele. Mpini wangu sijaurefusha.

Babu yako